Kahawa Iliyorudi kutoka Mtoni

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Mwanza, ile foleni ya mwisho wa mwezi ambayo hata ukija na kiti chako bado utachoka. Mama mmoja aliyekaa kuliani kwangu akafungua mkoba, akatoa kifurushi cha majani makavu ya mgomba, akakifungua taratibu kwa kucha. Kabla sijageuka nilishajua kilichomo. Ni buni zilizochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya porini yanayonukia, kisha zikaanikwa mpaka zikakauka. Kwetu Karagwe tunazitafuna. Ukifika kwa mtu wa kwetu, kabla ya chai na kabla ya habari ndefu, unawekewa akamwani kiganjani, yaani hizo buni chache, unatafuna, ndipo mazungumzo yanaanza. Yule mama alininyooshea kifurushi bila hata kuniuliza jina. Nikachukua moja. Uchungu wake ulipofika nyuma ya ulimi, benki yote ikanipotea.

Nilikuwa tena nimekaa kwenye nyasi, gauni jipya la Idi likinikwaruza shingoni, miguu nimeinyoosha juani, na mbele yangu mto Kagera unapita bila haraka, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Wenzangu mliokua miaka ile pande za Kanoni, Kibingo au Kaisho, mkapakiwa kwenye lori la kahawa lililofagiliwa kwa ajili ya sikukuu, mkateremka mna vumbi hadi kwenye kope na wanja umeshachuruzika mashavuni, hamhitaji maelezo yangu. Nitaeleza hata hivyo, maana kueleza kwenyewe ni raha. Tulipaita Mtoni tu, kana kwamba duniani hakuna mto mwingine. Na pale Mtoni ndipo mama yangu alipokuwa akipigania kitu kimoja, sikukuu hadi sikukuu, mimi nikiwa mjumbe wake wa kwenda na kurudi nisiyejua nimebeba nini.

Kabla ya kuwa mahali pa kulia pilau, palikuwa kivuko. Ng'ombe waliogeleshwa pale wakishikiwa pembe, na watu walivushwa na mizigo yao kwa mitumbwi ya gogo moja, inayochongwa kutoka kwenye shina zima la mti. Baadaye barabara na daraja vikapita kwingine, wasafiri wakafuata barabara, na kivuko kikaachiwa mafunjo na viboko. Kikalala hivyo muda mrefu. Kisha katika serikali ya kijiji akatokea mtu mwenye mawazo ya ajabu, ambaye laiti ningemjua ningempa mkono, akasema ukingo ufyekwe, zipandwe nyasi fupi na miti ya kivuli, vijengwe vibanda vya kukalia, lipigwe gati la mbao, na wavushaji wa zamani wapewe kazi ya kuwazungusha watu majini kwa starehe. Watu walicheka sana. Baba alitusimulia kwamba mwanzoni wakulima walikuwa wakija kusimama ukingoni waone kituko cha mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anayepanda mtumbwi hadi katikati ya mto, anageuza, anashuka palepale alipopandia, na bado anatabasamu. Baada ya sikukuu chache wale wale waliocheka ndio wakawa wanagombea nafasi.

Na palikuwa patamu, jamani. Bembea za matairi zilining'inia kwenye miti, na waliozisukuma walikuwa wajomba walioshiba. Soda zilipozwa kwenye wavu uliotumbukizwa mtoni, ukipewa yako inakuja na jani la funjo limeng'ang'ania shingo ya chupa. Kama ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, kina mama waliwakaanga palepale na kuwauza kwa vikombe, na harufu yao ikachanganyika na ya pilau, ya matope na ya mafuta ya nazi kwenye vichwa vyetu. Asubuhi ukungu ulikuwa unakaa juu ya maji kwa muda, ng'ambo ya pili haionekani kabisa, na mtumbwi ukiondoka gatini ulikuwa unaingia mle ndani ukapotea, ukabaki unasikia sauti za watu tu wakicheka mahali ambapo hapana mtu. Mimi niliamini ng'ambo haipo mpaka jua lipande. Niliamini huletwa kila siku, kama mkate.

Nikipafikiria leo naona kilichotuvuta zaidi hakikuwa bembea wala soda. Kwetu kila kipande cha ardhi ni shamba la mtu. Ukitoka njiani umeshaingia kwenye migomba ya fulani, itabidi upige hodi, usalimie, upokelewe au usipokelewe. Mtoni hapakuwa kwa mtu. Walutheri walikuja Krismasi na sisi tukawakuta, sisi tulikuja Idi wakatukuta, Wakatoliki walikuja siku zote mbili wakala kotekote. Hapakuwa na mwenyeji wa kukukaribisha, kwa hiyo hapakuwa na mwenyeji wa kukufukuza. Ndiyo sababu mama alipachagua.

Mama alizaliwa Kaisho, kwenye shamba la migomba na kahawa, binti wa Mlutheri mmoja aliyekuwa mvushaji pale kivukoni tangu enzi za ng'ombe na mizigo. Akampenda baba, mwenye duka la vitambaa na vitu vidogo vidogo Kanoni, Mwislamu ambaye babu yake alitokea upande wa Tanga na ambaye mwenyewe bahari aliijulia kwenye kalenda. Mama akaolewa, akasilimu, akaitwa Amina. Baba yake akamwambia kwamba akitoka namna hiyo, asirudi kukanyaga chini ya migomba yake. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Sasa, kwa watu wa kwetu iko namna ya kubisha mlango uliofungwa bila kuugusa. Unatuma kahawa. Unamtuma mtoto, kwa kuwa mtoto hana ugomvi na mtu, na ikikataliwa mkononi mwake hakuna aliyeaibishwa mbele za watu, unaweza kutuma tena. Mtu akiipokea akaitafuna, yamekwisha, mnaweza kukaa pamoja. Akiirudisha, bado. Mzee wa mtumbwi niliyekuwa nikimpelekea kifurushi kila Idi alikuwa babu yangu mzaa mama. Ninyi nimewaambia mapema. Mimi hakuna aliyeniambia.

Mimi nilijua ile kahawa ni nauli. Mbona ilikuwa wazi? Watoto wengine walipanda mitumbwi ya vijana kwa sarafu, mimi nilipanda mtumbwi wa mzee kwa kahawa. Siku chache kabla ya Idi mama alikuwa anaichemsha kwenye chungu nyuma ya duka, baba anafunga madirisha akilalamika kwamba majora yake yatanuka na wateja watadhani anauza vitambaa vya mashambani. Ikishakauka mama alikuwa anakaa kizingitini na ungo mapajani, anachagua buni moja moja, zile zilizojaa tu, zenye mikunjo anazitupa pembeni. Niliona ni uchaguzi mwingi mno kwa nauli. Kisha anafunga kifurushi kwa uzi wa mgomba, fundo dogo zuri, na siku ya siku, tukishatandika mkeka chini ya mti uleule unaotazama gati, ananiwekea kifurushi mikononi.

"Mpelekee yule mzee wa mwisho, mwenye koti," anasema. "Umpe kwa mikono miwili. Usikimbie."

Mzee mwenye koti alikuwa na koti zito la sufu hata jua likiwaka, kofia pana iliyopoteza umbo na kiko ambacho sikumbuki kukiona kikitoa moshi. Wavushaji wenzake walipiga kelele za kuita abiria. Yeye alikaa kwenye ncha ya mtumbwi wake akiwa amewapa mgongo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayelipa deni la mwingine. Kifurushi alikiweka mbele ya miguu yake bila kukifungua, akaninyanyua kwa mkono mmoja akaniketisha, akasukuma gati kwa kafi, tukaondoka.

Sijui niwaelezeje utulivu wa mtumbwi wa gogo. Unakaa chini kabisa, maji yako kwenye kiwiko chako, na mto unakuwa mpana kuliko ulivyokuwa ukiwa umesimama. Kelele za Idi zinabaki nyuma, zinakuwa ndogo, mwisho zinakuwa kama za redio ya jirani. Ndege wa manjano wanasuka viota vyao kwenye mafunjo. Mzee alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, chini chini, puani, na akipita karibu na mahali pa viboko alikuwa anawasemesha kwa adabu, anawaomba radhi kwa usumbufu. Nilikuwa napata usingizi nikiwa macho. Hata leo nikikosa usingizi ninapanda mtumbwi ule.

Na mzee alikuwa na maswali. Alikuwa anauliza akiutazama mto, si mimi.

"Kwenu kuna migomba?"

"Tuna duka, babu."

"Nimeuliza migomba."

"Iko michache nyuma ya duka. Mama ameipanda."

"Inazaa?"

"Baba anasema tunakula ndizi mpaka tunasahau wali."

Hapo mabega yake yalitikisika kidogo ndani ya koti. Akapiga makafi kadhaa. Halafu, kila mwaka, lazima, likaja swali la mwisho, nalo aliliuliza akiwa ameacha kabisa kupiga kafi, mtumbwi unakwenda wenyewe.

"Na Kokugonza, hajambo?"

"Huyo simjui, babu," nikajibu, kila mwaka, kwa ukweli wote wa moyo wangu. Nyumbani kwetu alikuwepo baba, mama Amina, mimi na paka.

"Humjui."

"Simjui."

Basi alikuwa anaugeuza mtumbwi. Tukifika gatini aliniteremsha, akachukua kifurushi kilekile na fundo lake lilelile, akakirudisha mikononi mwangu. "Kama Kokugonza hayupo," alikuwa anasema, "hii kahawa mimi sijui imetoka kwa nani." Nami nilikuwa natimua mbio kwenye nyasi, nimekiinua juu ya kichwa, nina furaha isiyo na mfano. Nimezungushwa bure! Watoto wa watu wote wamelipa, mimi mzee kanipenda, kakataa nauli!

"Mama! Mama! Kakataa tena!"

Ndivyo nilivyokuwa nikimpelekea mama habari yake. Kwa kelele, nikiruka, mbele ya pilau na wageni. Mama alikuwa anakipokea kifurushi, anakifutafuta kana kwamba kimeingia maji, anakiweka chini ya kanga. "Haya, mwanangu. Njoo ule," anasema. Baba anageuza uso kutazama bembea. Nilidhani mama anasikitika kwa kuwa hakupanda yeye.

La Kokugonza sikumwambia hata mara moja. Halikuwa na maana kwangu. Mzee alikuwa anauliza habari za mtu nisiyemjua, wazee huuliza habari za watu wengi. Na mama hakuwahi kuniuliza mzee alisema nini, pengine kwa kuogopa jibu. Kwa hiyo miaka ile yote baba na binti yake walikuwa wakisemezana kupitia kwangu, kila mmoja akipata nusu tu ya maneno. Mzee alikwishajua mimi ni wa nani. Uso wangu ni wa mama, ulikwishamwambia siku ya kwanza. Alichokuwa akingoja ni kusikia kwamba yule binti aliyempa jina bado yuko mahali fulani na anaitikia. Na mtoto wa binti huyo anamwambia, kwa sauti ya kengele, hayupo.

Ikaja Idi moja ambayo baba hakutaka kabisa twende. "Amina, mwaka huu twende Bukoba tukaone ziwa," alisema, akikunja jora. "Mtoni tumekwishapajua."

"Mtoto anapenda mtumbwi," mama akajibu.

Nilitikisa kichwa kwa nguvu kuthibitisha. Baba akatutazama wote wawili, akaenda kumtafuta mwenye lori.

Siku hiyo ukungu ulichelewa kuondoka. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatandika mkeka, mama ameinama anauvuta pembe, ghafla mwanamke mmoja muuza senene, mnene, wa makamo, akaweka ungo wake chini katikati ya watu, akaja amefungua mikono.

"Kokugonza! Weee, Kokugonza! Ni wewe kweli, au naota?"

Na mama yangu aliinuka akaitikia. Aliitikia kabla ya kufikiri, kama unavyoitikia ukiitwa na mtu wa nyumbani. Wakakumbatiana, wakatikisana, wakacheka kwa Kinyambo cha mbio ambacho mimi mtoto wa dukani nilikuwa nakiokota kwa vipande. Walikuwa wamekua pamoja Kaisho, wakichuma kahawa mstari mmoja. Yule mama alipoondoka kurudi kwenye senene wake, nilimvuta mama kanga.

"Mama, wewe ndiye Kokugonza?"

"Ndilo jina alilonipa baba yangu."

"Kwani una baba?"

Mama alitazama gatini. "Ninaye," akasema.

Sikuuliza zaidi, maana kichwa changu kilikuwa kimejaa. Nilikuwa nimepata jibu la swali la mzee! Mtu aliyekuwa akimtafuta miaka yote ninaishi naye nyumba moja! Nilikuwa na hamu ya kukimbilia gatini mara hiyohiyo. Hapo akapita msimamizi wa bustani, kijana wa filimbi na fulana ya kijani, akitangaza kwa kila mkeka kwamba tujipatie nafasi mapema, kwa kuwa mitumbwi ya magogo mwisho wake ni sikukuu hii. Zinakuja boti za mbao zenye injini, alisema, na viti, na jaketi za rangi ya chungwa. Wazee hawa wanakwenda kupumzika makwao.

Mkono wa mama ulisimama ndani ya sufuria na upawa wake. Baba alimwona, na mimi nikamwona kwa kuwa baba alimwona. Mzee akishaondoka Mtoni angerudi shambani kwake, kwenye ile migomba ambayo mama hakuruhusiwa kukanyaga chini yake, na huko mbali hakuna mtoto wa kutumwa peke yake. Ilikuwa leo, au basi. Haya nayafahamu sasa. Wakati ule niliona tu mama anafungua kifurushi, anazitazama zile buni upya, anakifunga tena, na vidole vyake havilipati fundo. Baba akakichukua akamfungia. Fundo la dukani, kubwa, baya.

"Leo mwambie..." mama akaanza. "Hapana. Usimwambie kitu. Mpe tu."

Nilitembea, sikukimbia, ingawa miguu ilikuwa inaniwasha. Mzee alikuwa amekaa palepale na mgongo wake uleule. Shikamoo, marahaba. Kifurushi akakiweka miguuni, akalitazama lile fundo kwa muda, akaniketisha. Tukaingia kwenye ukungu.

Hapakuonekana kitu. Si gati, si mafunjo, si ng'ambo. Maji na weupe vilikuwa vimeshikana, na sisi tunakwenda katikati bila hata kujua kama tunakwenda. Mzee hakuimba. Hakuuliza habari za migomba. Nilingoja. Nilikaa na jibu langu mdomoni kama pipi, naogopa litayeyuka, na yeye anapiga kafi tu, na nikaanza kuingiwa na hofu kwamba mwaka huu hatauliza. Labda na yeye alikuwa amechoka kuambiwa hayupo.

Akaanza kuugeuza mtumbwi. Nikashindwa kuvumilia.

"Babu, hujaniuliza!"

"Nikuulize nini?"

"Habari za Kokugonza!"

Kafi likabaki hewani, linadondosha maji. "Wewe humjui Kokugonza," akasema polepole.

"Namjua! Ni mama yangu. Hajambo. Yuko pale chini ya mti, na kahawa ni yake, kaichagua yeye mwenyewe, mbovu zote kazitupa!"

Mto ulituchukua ukatupeleka kidogo, akauacha utupeleke. Aliweka kafi kwenye magoti yake, akavua kofia, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kichwani hakuwa na nywele hata kidogo, akainamia kile kifurushi. Fundo la baba lilimsumbua. Alilihangaikia kwa vidole vikubwa, akinung'unika kwa Kinyambo juu ya mtu aliyelifunga, mwisho akalikata kwa meno. Akachukua buni moja akaiweka mdomoni. Akatafuna macho yamefumbwa. Nilimhurumia, nilidhani ni chungu sana kwa kuwa machozi yalikuwa yanamtoka, yanafuata mikunjo ya mashavu hadi kwenye kola ya koti. Na nilisikitika kidogo kwa ajili yangu mwenyewe pia, kwa kuwa amepokea nauli, na kumbe sikuwa kipenzi chake.

Aliposhika tena kafi hakuelekea gatini. Ukungu ulikuwa unachanika, miti ya bustani inatokea mmoja mmoja, na yeye akaulenga ule wa kwetu. Mtumbwi ukapasua mafunjo yaliyobakizwa kwa ajili ya urembo, ukapanda juu ya nyasi na ncha yake. Filimbi ikalia.

"Mzee! Siyo hapo! Gatini, mzee! Gatini!" kijana wa fulana ya kijani anapiga kelele, anakuja mbio.

Hakuna aliyemjali. Mama alikuwa amesimama. Kisha nikamwona anashuka, nikadhani ameteleza kwenye nyasi zenye umande, nikapiga ukelele. Hakuwa ameteleza. Alikuwa amepiga magoti, na gauni lake la Idi, kwenye tope, kama binti wa kwetu anavyomwamkia baba yake. Mzee akateremka. Alisimama mbele yake na kile kifurushi kilichofunguliwa, mpaka mkeka wa jirani ukanyamaza, na bembea zikabaki zinayumba bila msukumaji.

Ndipo mzee akamtazama baba. Baba alikuwa amesimama na sahani ya pilau mkononi, hajui aiweke wapi. Mzee akamnyooshea kifurushi. Yeye, kwanza, kabla ya mama. Baba yangu, ambaye miaka yote aliyokuwa Karagwe alipopewa kahawa aliificha shavuni akaitema nyuma ya nyumba, alichukua buni moja kwa mikono miwili, akaitia mdomoni, na kwa wasiwasi akaimeza nzima. Tuliona ikishuka kooni.

"Huyu hata kutafuna hajui," mzee akamwambia mama. Sauti ilikuwa ya kukaripia. "Miaka yote hii, Kokugonza, humfundishi?"

Mama akacheka. Akacheka huku analia, amejishika tumbo, palepale magotini, na baba naye akaanza kucheka huku anakohoa. Mzee akampa mama buni yake kiganjani, akangoja atafune, akamshika mkono akamwinua.

"Panda," akasema.

Mama alivua viatu akaviacha kwenye nyasi. Mzee akamketisha mbele, mahali pangu, akausukuma mtumbwi kutoka kwenye mafunjo, na kijana wa filimbi akasogea kumpisha. Hawakunichukua. Nilisimama ukingoni na viatu vya mama miguuni mwangu nikiwatazama wakienda, koti kubwa nyuma na mgongo mwembamba mbele, mama ametumbukiza mkono majini kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Walipita katikati ya mto, mahali ambapo mzee alikuwa akigeuza kila mara, na hawakugeuza. Ukungu uliobaki ukaufunika mtumbwi, halafu mabega yao. Nikashikwa na hofu. Nilikimbilia kwa baba nikaivuta kanzu yake.

"Baba! Yule mzee anampeleka wapi mama?"

Baba alikuwa bado anafuta macho. Akachuchumaa, akanikumbatia, na sote wawili tukatazama kule kweupe.

"Mwache," akasema. "Yuko na baba yake."